Bata wa Murungu na Salamu Isiyoitikiwa

Nimechoka, vijana wangu. Naanza na hilo msije mkadhani nimekasirika. Kila Jumamosi mnabisha hodi hapa kwangu Kasulu, simu mkononi, mwingine na kamera aliyoazima kwa shemeji yake, na swali ni lile lile: "Mzee Gervas, ile picha ya bata ulipigaje?" Swali hilo nimelijibu nikiwa na meno yote, na sasa nalijibu nikiwa na mapengo. Magoti yanauma, jicho la kulia lina ukungu, na nikishika kikombe nusu ya chai inaishia kwenye sahani. Kwa hiyo naandika mara moja, msome, mniache nipumzike.

Kuna jibu ambalo nimewapa miaka yote. Kuna jibu lingine ambalo mpaka mwezi uliopita sikumpa mtu, hata mke wangu Consolata. Leo nawapa yote mawili. La kwanza litawafaa kwenye kazi, la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Kwa wasioijua picha yenyewe: ni kundi la bata mwitu wanaopaa kutoka kwenye maji ya bonde lililo chini ya Murungu, kule Kibondo. Wa mbele mabawa yako juu kabisa, wa nyuma miguu bado inaburuta maji, na matone unaweza kuyaona moja moja. Mchapaji mmoja wa Mwanza aliiweka kwenye kalenda, na kalenda ile ikatundikwa madukani, kwenye zahanati na ofisi za vijiji, kuanzia Mabamba mpakani mpaka huku kwetu. Tangu hapo jina langu likawa Gervas Bata. Hata padri tukikutana mlangoni mwa kanisa ananiita Bata, na mimi naitika.

Sikuanzia kwa bata, jamani. Nilianzia kwa kufagia studio ya Mzee Salum, pale karibu na soko. Mzee Salum asili yake Pangani, baba yake alifika Kasulu na biashara ya vitambaa akasahau kurudi. Alikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria, na watu walitoka vijijini huko wakapiga picha mbele ya ndege ile wakiwa wamevaa koti la studio, koti moja kwa watu wote. Mimi nilishika taa, nikasafisha filamu kwenye chumba cha giza, nikajifunza polepole. Alikuwa ananiambia, "Gervas mwanangu, mtu akikaa mbele ya kamera anajikausha. Usimpige hapo. Subiri achoke kujikausha." Nadhani hilo ndilo somo kubwa kuliko yote niliyopewa, na hakuna kati yenu anayeliandika.

Siku aliyonikabidhi kamera yenye lenzi ndefu niende bondeni, nilirudi nimejaa tope na fahari. Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita. Nikaisafisha mwenyewe, nikamtandazia mezani. Akavaa miwani, akatazama ya kwanza, ya pili, akaenda mpaka ya mwisho.

"Lahaula," akasema. "Umeniletea matako thelathini na sita. Hakuna hata bata mmoja mwenye uso? Umewafanya nini viumbe wa watu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini ndivyo nilivyojua kwamba bata hupaa akiuelekea upepo. Nilikuwa nimekaa upande unakotokea... hapana, nimeanza kuchanganya, uzee huu. Nilikuwa nimekaa upande upepo unakoelekea, kwa hiyo wote waliondoka wakinipa mgongo. Kaa upepo ukupige kisogoni, na jua nalo liwe nyuma yako. Hapo bata akipaa anakuja kwako. Kama hujui upepo unatoka wapi, dondosha unyasi mkavu uone unakoangukia. Msifungue simu kuuliza hali ya hewa, hewa si hiyo hapo inawapiga usoni?

Mengine ni haya. Chagua tete moja lililo umbali ule utakaompigia, rekebisha lenzi yako hapo mapema, halafu usiiguse tena. Bata akipaa, zungusha kiuno, si mikono. Ukishabonyeza, endelea kumfuata kwa lenzi hata kama picha imeshapigwa, maana wengi wenu mnasimama ghafla palepale mnapobonyeza, kisha mnalalamika kwamba kamera ni mbovu. Kamera si mbovu. Ninyi ndio mmesimama.

Na mwachieni bata nafasi mbele ya mdomo. Hilo nilifundishwa na fundi Dieudonné, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa na studio yake Uvira kabla ya vita kumfukuza. Nilimpelekea kamera baada ya kuanguka nayo majini. Akaiweka sikioni, akaitikisa.

"Papa Gervas," akasema, "apareyi yako iko nalia. Mayi iko mule ndani."

Akaifungua kwa kisu chembamba, akaifukia kwenye mchele uliopashwa moto, ikalala humo siku mbili. Mchele wenyewe mkewe aliupika baadaye, hauwezi kutupwa bure, nami nikakaribishwa. Ulikuwa na ladha ya ngozi ya mkoba wa kamera, lakini nilimaliza sahani. Tukiwa tunakula Dieudonné akatazama picha zangu, akaweka kidole mbele ya mdomo wa bata, pale karatasi ilipoishia. "Huyu iko nagonga ukuta," akasema. "Umupatie njia." Tangu siku hiyo nawapa njia.

Ninyi simu zenu zinapiga picha ishirini kabla mtu hajapiga chafya, kisha mnachagua nyumbani mkiwa mmejilaza. Siwaonei wivu. Pengine naona wivu kidogo. Sisi filamu ilitoka Kigoma mjini, na ikiisha imeisha, kwa hiyo kila ukibonyeza ulikuwa umeamua jambo. Mtu anachoka kuamua hivyo miaka mingi.

Sasa la kuwapaisha. Bata hapai kwa sababu wewe uko tayari. Ukimrushia jiwe, kila mmoja anakimbilia kwake na picha inakuwa vurugu. Ukipiga kelele wanaogelea wakajificha kwenye matete, wanakutazama. Nimewafundisha wote waliopita hapa: piga kofi moja. Viganja vikunje kidogo, katikati pawe na uwazi, mlio uwe mzito, po! Bata wote watanyanyua shingo, watatulia kidogo, halafu watapaa pamoja. Mmelijaribu, mmerudi mnarukaruka, "Mzee, hiyo noma! Umeitoa wapi?" Nami nimekuwa nikitabasamu na kusema ni uzoefu. Likumbukeni kofi hilo, tutalirudia.

Jibu la kwanza limeishia hapo. La pili linahitaji nieleze kwanza desturi, kwa wale wenu mliozaliwa Dar mkaja huku na wazazi wenye kazi za serikali.

Sisi Waha hatusalimiani kwa kupungiana mkono. Unainama, unaleta viganja pamoja, unapiga makofi ya taratibu huku ukisema, asubuhi ni "mwakeye", na mwenzako anainama, anapiga, anaitika. Ndipo mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za maharage. Mdogo ndiye anayeanza. Na kwa baba mkwe ndiyo usiseme. Ukimwona kwa mbali unashusha mzigo, unavua kofia, unaanza wewe. Akikuwahi kukusalimu, tayari umekosea. Akikusalimu na usiitike, umemwambia mbele ya Mungu kwamba yeye si mtu.

Baba mkwe wangu ni Mzee Andrea wa Murungu. Nilipopeleka posa, aliuliza kazi yangu. Wakamwambia anapiga picha. Akauliza, "Akishamaliza kupiga picha, anafanya kazi gani?" Watu wakacheka, naye akacheka, akanipa Consolata. Hakuielewa kazi yangu lakini aliniheshimu, na kila nilipofika kwake nilikuta kiti kimefutwa vumbi. Shamba lake la mpunga lilikuwa bondeni, ng'ambo ya maji yale yale ya bata.

Asubuhi ile nilikuwa nimebakiwa na picha mbili kwenye filamu ya mwisho. Yule mchapaji wa kalenda alikuwa Kibondo mjini, anaondoka na basi la saa nne, na alikuwa ameshaniambia asipopata picha yangu ataweka ya twiga wa mtu mwingine. Nilikuwa nimechuchumaa majini, maji kiunoni, zaidi ya saa nzima. Upepo kisogoni, jua mgongoni, bata wamejaa mbele yangu, na hakuna aliyenyanyua hata bawa. Baridi ya Kibondo mnaijua. Meno yalikuwa yanagongana.

Ndipo upande wa kushoto, ng'ambo ya maji, akatokea Mzee Andrea na jembe lake. Nilimwona. Naandika tena kwa sababu nimekana miaka yote: nilimwona. Naye aliniona. Akasimama. Akangoja nianze, kama ilivyo haki yake. Jicho langu lilikuwa kwenye kamera, na moyoni nikasema, nikiinua kichwa bata wataharibika, mzee ataelewa. Akangoja tena. Kisha, mzee yule, akashusha jembe lake, akavua kofia akaitundika kwenye mpini, akainama yeye.

Akapiga makofi kwa upole. "Mwakeye, mkwe wangu."

Sikuitika. Bata mmoja akageuza shingo.

Akapiga mara ya pili, kwa sauti zaidi kidogo, akarudia maneno. Sikuitika. Mabega yangu yalikuwa yanatetemeka kwa baridi, lakini kamera sikuishusha.

Halafu akapiga kofi moja tu, zito, po! Shingo zote zikanyanyuka, pakawa kimya, na kundi zima likapaa kwa pamoja kuja kwangu. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, filamu ikaisha. Niliposhusha kamera, Mzee Andrea alikuwa ameshavaa kofia, jembe begani, anapanda mlima kurudi kwake bila kulima hata tuta moja. Ningeweza kumwita. Umbali ulikuwa wa kuitana kabisa. Mimi nikakimbilia baiskeli.

Basi la saa nne nililiwahi, na yule mchapaji akaahidi kuningoja wiki moja nimletee picha iliyosafishwa. Nyumbani Consolata alikuwa ameshapata habari kwa mtu wa Murungu, maana habari za huko hazingoji barua. Nilikuwa navua viatu. Akaniuliza, "Ulimwona baba bondeni?" Nikajibu, "Sikumwona. Sikusikia kitu, nilikuwa na kamera." Ulitoka wenyewe uongo ule, mwepesi, wakati navuta kamba ya kiatu. Nilidhani utaishia hapohapo.

Haukuishia. Mzee Andrea alishtaki kwa ukoo kwamba nimemdharau. Wazee wakakaa. Mimi nikarudia nilichosema. Na Consolata, mwanawe wa kumzaa, akasimama mbele ya wazee akasema, "Mume wangu akishika kamera hasikii hata mtoto akilia. Baba amekosea." Mzee Andrea akamtazama binti yake, akakaa chini. Wazee wakaamua kwamba amenisingizia mkwe wake, alete mtungi wa pombe tupatanishwe.

Aliuleta. Aliubeba mwenyewe. Tukakaa katikati ya watu, akanywa kwanza kwa mrija, akaufuta mrija kwa kiganja, akanipa. Nilikunywa, vijana. Nilikunywa pombe ile huku nikijua.

Nilikuwa najua zaidi ya mnavyodhani. Siku mbili kabla ya kikao kile, nilikuwa nimeisafisha filamu kwa Mzee Salum. Kwenye negativu, ule ukanda wa filamu ambao cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe, pembeni kushoto alikuwepo. Mdogo, ameinama, viganja pamoja, kofia juu ya mpini wa jembe. Kamera ilikuwa imemtazama muda wote. Nikachukua kikatio cha karatasi, nikaikata picha upande ule.

Mzee Salum akailinganisha picha na negativu. "Mbona umekata huku?" akauliza. "Pana mtu pale. Yule ndiye anaipa picha roho."

"Anaiharibu," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani yake, hakuuliza tena. Tangu siku hiyo hakunitania kwa muda mrefu sana, na utani wake niliukosa.

Kalenda ilipotoka, Consolata akasema tumpelekee baba moja, roho itulie. Tukaenda. Mzee Andrea akaifungua kwenye magoti, akaitazama kitambo. Kisha akaweka kidole kwenye ukingo wa kushoto, palepale nilipokata.

"Imeishia hapa?" akaniuliza.

"Ndiyo baba," nikasema. "Inaishia hapo."

Akaikunja, akashukuru, akatuletea viazi tule. Hakuitundika. Na kitu kingine kilichotokea nilichukua miaka kukigundua: Mzee Andrea aliacha kupiga makofi. Akikusalimu, anakusalimu kwa mdomo, mikono ameifunga nyuma. Kanisani kwaya ikichangamka na watu wote wakipiga, yeye viganja viko magotini. Watu wa Murungu wakasema mzee amekuwa na kiburi. Wengine wakasema uzee. Mimi nikisikia hivyo nilikuwa nageuza mazungumzo, nauliza bei ya mbolea.

Nilikuwa nimezoea, na mtu huzoea jambo baya kwa urahisi, wala msidhani lilikuwa linaniuma kila siku. Kulikuwa na miezi mizima sikulikumbuka. Lilikuwa likinijia ninyi mkija na lile swali lenu.

Mwezi uliopita Consolata alikuwa anatafuta vifungo vya shati. Akafungua kopo la biskuti ninamoweka negativu za zamani, kopo ambalo hajawahi kuwa na haja nalo. Mjue kwamba mke wangu alifanya kazi nami chumba cha giza miaka mingi, kusoma negativu kwake si tatizo. Akaona bata. Akainua ukanda kwenye mwanga wa dirisha. Nilikuwa kitini, namwona mgongo wake.

"Huyu ni baba," akasema.

Nikaweka kikombe chini.

"Alikuwa mbele yako. Kamera yako ilikuwa inamtazama."

"Ndiyo."

"Ulimwona."

"Nilimwona."

Akakaa kwenye kitanda, ukanda bado uko mkononi. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. "Mimi ndiye nilisimama mbele ya wazee," akasema. "Mimi, mtoto wake."

Siku tatu alipika, akaweka chakula, akaenda kula chake jikoni. Siku ya nne akaja akasimama mlangoni. "Baba amedhoofika sana," akasema. "Kaka kila akipiga simu anasema baba hafiki masika. Sitamzika baba yangu na uongo uliotoka mdomoni mwangu. Kaisafishe ile picha yote. Usikate hata uzi."

Studio za kusafisha filamu kwa dawa hazipo tena, kwa hiyo nikaenda kwenye duka la kompyuta pale stendi. Binti wa pale akaiweka negativu kwenye mashine, ikatokea kwenye kioo, kubwa, na nikamwona Mzee Andrea kwa ukubwa ambao sikuwahi kumwona. Hata vidole vinahesabika.

"Mzee, huku pembeni kuna mtu," binti akasema, na kidole chake kiko tayari juu ya kibonyezo. "Nimfute? Ni sekunde tu."

"Usimguse!" Nilifoka mpaka wateja wakageuka. Nikamwomba radhi, maskini, hakuwa na kosa. Mimi nilitumia kikatio, yeye angetumia kidole kimoja.

Tukaenda Kibondo kwa basi. Pale mjini tukanunua pombe ya ndizi, mtungi mzima, tukapanda bodaboda mbili mpaka Murungu, mtungi nimeupakata mimi. Kila shimo lilinipiga mbavu. Consolata njia nzima hakunisemesha, ila tulipofika alinisaidia kushuka.

Mzee Andrea alikuwa uani, ameegemea ukuta kwenye mkeka, blanketi magotini, ingawa jua lilikuwa kali. Macho yake sasa yanaona kitu kikiwa karibu na pua tu. Nikauweka mtungi chini. Nikavua kofia. Nikainama kadiri magoti yalivyoniruhusu, nikaleta viganja pamoja, nikasalimu.

Hakuitika.

Nikapiga tena, nikasalimu. Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yake. Alinisikia, nilimwona akigeuza sikio. Hakuitika. Nikageuka kumtazama Consolata anisaidie, naye akatazama pembeni. Nikapiga mara ya tatu. Kimya. Wanangu, mtu asiwadanganye kwamba ni jambo dogo. Nilisimama pale nimeinama, mgongo unawaka, najisikia kama sipo.

Nikapiga magoti. "Baba," nikasema, "siku ile bondeni nilikuona. Nilikusikia mara zote. Niliwadanganya wazee, nikamdanganya mwanao, akasema asiyoyajua. Mtungi huu ni wako. Wazee waliohukumu wamebaki wawili, nitawaambia kwa mdomo wangu."

Consolata akamwekea picha mikononi. Akaisogeza mpaka puani, akaanza kuifuata kwa kidole kuanzia kulia, bata kwa bata, polepole, mpaka kushoto. Kidole kikafika palepale kalenda ilipoishia, kikasimama. Kisha kikaendelea.

"Kumbe inaendelea," akasema.

"Inaendelea, baba," Consolata akajibu.

"Kofia yangu iko wapi?"

"Umeiweka juu ya mpini wa jembe."

"Ego," akasema, ndiyo yetu ya Kiha. Akacheka kidogo, kicheko cha kifua kibovu. Halafu akageuka upande wangu. "Makofi mawili yalikuwa yako. La tatu halikuwa lako, lilikuwa la bata. Niliona unatetemeka mle majini. Nikasema, huyu mtoto wa watu atakufa kwa baridi anangoja ndege, ngoja nimnyanyulie. Nikawanyanyua. Nikajua sasa ataniitikia."

Nililia, sioni aibu kuandika. Mzee mzima, mbele ya kuku. Miaka yote nimewafundisha kofi lile nikiliita uzoefu wangu, na ninyi mkanipigia makofi kwa ajili yake. Mkiulizwa mlilitoa wapi, semeni kwa Mzee Andrea wa Murungu.

Nilipopata sauti nikasema, "Baba, nimekuja kukusalimu."

"Sikuhitaji unisalimu," akajibu. "Nilisalimu mimi. Bado hujaitika."

Akaiweka picha juu ya blanketi ili mikono iwe huru. Jua lilikuwa limeshaelekea magharibi, saa za salamu ya asubuhi zilikuwa zimepita zamani. Akaleta viganja vyake pamoja, vinatetemeka kama vyangu, akapiga kwa upole.

"Mwakeye, mkwe wangu."

Nikaitika.